Saa ya Anjela na Mtamba wa Masieda

Siku ya kuniaga mlinipa saa. Nilicheka mbele ya mkuu wa shule na wageni wote, na Mwalimu Baraka wa Hisabati akaja pembeni kuniuliza kama nimeidharau zawadi. Sikuidharau. Ninaivaa hapa ninapoandika na imenikaa vizuri. Mimi ni mtu mzima, nimestaafu, naweza kuvaa saa yoyote nitakayopewa. Nilichekea jambo lingine: kati ya kesi zote nilizoshughulikia kazini, iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa ya saa, na nyinyi walimu vijana mlionichangia zawadi hamkuwepo, isipokuwa Baraka, ambaye alikuwepo na alikuwa upande usio wangu. Basi mmenipa saa, nami nawapa habari yake.

Vyeo na madaraja nitaviruka. Vilivyopanda vilipanda, vingine vilichelewa, na kila mwalimu anaijua hadithi hiyo kwa sababu ni yake pia.

Nilianzia Hanang, katika shule ya msingi kule Balangdalalu. Nilikuwa binti wa Kipare, Mwislamu, nimetoka chuoni na sanduku la bati, nimezoea milima yenye migomba. Nilipokelewa na vumbi. Siku ya kwanza niliwasalimia darasa la kwanza, nikawaeleza mambo mengi mazuri, wakanitazama kwa heshima kubwa bila kuelewa hata neno. Walikuwa na lugha zao za nyumbani, na Kiswahili changu kilikuwa kinakimbia. Mwalimu mkuu, Mzee Tarmo, Mwiraqw mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwa kali, alisimama mlangoni akasubiri nimalize. Kisha akaniambia, "Mwalimu Hadija, umefundisha vizuri sana. Sasa rudia polepole, na safari hii wawepo."

Mzee Tarmo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha jinsi ya kukata chaki idumu wiki nzima, jinsi ya kugonga rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu ili isikike hadi mashambani, na jinsi ya kumtembelea mzazi bila kumwaibisha. Hilo la mwisho lilinichukua muda. Kulikuwa na baba mmoja aliyekuja shuleni na blanketi lenye viraka na ndala za tairi. Nilimhurumia, nikapendekeza kwa walimu wenzangu tumchangie mwanawe sare. Mzee Tarmo alicheka mpaka akashika mlango.

"Huyo? Huyo ana ng'ombe katika kila kijiji unachokiona, na vingine usivyoviona."

"Mbona hapa kwake zizi lina ng'ombe wachache tu?"

"Wengine amewekesha kwa watu."

Ndipo akanieleza. Huku, Mbulu na Hanang, mtu mwenye mifugo mingi haijazi nyumbani kwake. Anampelekea rafiki ng'ombe, mwingine kwa jirani, mwingine kwa mjane. Anayetunza hunywa maziwa na kupata samadi ya shamba lake, na ng'ombe wakizaa vizuri, huachiwa ndama kwa makubaliano. Ugonjwa ukipita kijiji kimoja, hauli mali yote. Na hakuna anayejua mwenye ng'ombe ana wangapi, na kumwuliza ni utovu wa adabu. Lakini hata ndama uliyeachiwa, hutamwuza bila kwenda kumwambia mwenye ng'ombe na kumweleza shida yako. Ukiuza kimyakimya, jina lako limeharibika, na la watoto wako. Nilishangaa sana, mimi ninayetoka kwa watu ambao mwenye bati jipya hulipaka rangi ili lionekane mpaka bonde la pili.

Baadaye nilijiendeleza kimasomo, nikahamishiwa Mbulu mjini kufundisha Jiografia sekondari. Niliogopa wanafunzi wakubwa, kumbe cha kuogopwa ni baridi. Mwalimu mgeni anayepangiwa Mbulu, sikiliza: nunua sweta kabla ya kitanda. Nikapewa na kazi ya malezi, ambayo maana yake ni kwamba kila jambo ambalo walimu wengine hawataki kulisikia linaletwa kwako likiwa linalia.

Hapo ndipo nilipokutana na Anjela. Alikuwa kidato cha pili, binti wa Bwana Akonaay, mfanyabiashara mkubwa wa vitunguu swaumu pale mjini. Mtoto mpole, mwandiko mzuri, anaimba kwaya. Alirudi kutoka likizo ya katikati ya mwaka na saa mkononi. Mimi si mtaalamu, lakini hata mimi niliona kwamba hii haikununuliwa mnadani. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, imezungushiwa vijiwe vinavyometameta, na nzito hata mkono wa mtoto ulining'inia. Baraka, aliyekuwa ameajiriwa karibuni, aliitafuta kwenye simu akatuonyesha bei. Mwalimu wa Kemia akasema, "Hiyo ni paa la nyumba yangu, na mbao zake."

Ilikuwa Julai. Mnajua Julai ya Mbulu: ukungu unaingia darasani na kukaa dawati la mbele. Wanafunzi wote wamevuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole, na Anjela yupo katikati yao, mkono mmoja wa sweta umekunjwa hadi kwenye kiwiko, ngozi imemsimama kwa baridi.

"Anjela, shusha sweta."

"Shikamoo madam. Baba amesema isifunikwe."

 Siku zilizofuata niliona mengine. Kwenye bustani ya shule hakushika jembe, kwa sababu ya udongo. Kwenye zamu ya maji hakubeba ndoo, kwa sababu ya maji. Wasichana waliokuwa wakitembea naye walianza kutembea mbele yake au nyuma yake. Na wavulana, ambao hawajambo kwa ujinga, wakawa wanashindana kutambiana kwa saa: mara mmoja kaja na ya mjomba, mara mwingine na ya bandia iliyoacha rangi ya kijani mkononi.

Nililipeleka jambo hili kwenye kikao cha walimu. Sheria za shule zilitaja nywele, simu, soksi, hata rangi ya chupi kama mtu angetaka kukagua, lakini saa hazikutajwa. Nikasema tuziwekee sheria: saa ya kawaida ruhusa, ya fahari hapana. Baraka akainuka.

"Madam, mtu amefanya kazi, amepata. Mtoto wake avae. Hata hawa wengine wakiona, si wataongeza bidii?"

"Bidii ya nini? Ya kusoma au ya kuwasumbua mama zao?"

"Sasa mstari utauchora wapi? Kuna viatu, kuna begi. Utavipima vyote?"

"Nitauchora pale mtoto anapoacha kushika jembe kwa sababu ya kitu alichovalishwa."

Walimu wakacheka, na mkuu wa shule akaahirisha. Bwana Akonaay alikuwa ametuchangia saruji ya maabara, na maabara ilikuwa bado haijapigwa lipu. Sikumlaumu sana. Lakini sikuliacha jambo hilo, nikamwita mzazi mwenyewe.

Alikuja na gari lake, akaniamkia vizuri, akakaa. Nilitegemea mtu wa majivuno, nikamkuta mtu mwenye donda. "Mwalimu, mimi nilisoma hapa Mbulu bila viatu. Asubuhi tulikuwa tunasimama pale ng'ombe alipolala ili miguu ipate joto. Watu walinipita kama jiwe. Nikaapa kwamba mtoto wangu hatapitwa. Wewe unataka nimfiche?"

"Sitaki umfiche. Ila sasa wanaitazama saa, yeye hawamtazami. Umemfanya ubao wako wa tangazo, na ubao hauna rafiki."

Hakupenda. Aliaga kwa adabu na kuondoka, na kesho yake sweta la Anjela likawa limekunjwa vilevile. Nilikasirika, nawaambia wazi. Nilikasirika kwa sababu hoja yake ilikuwa na ukweli ndani, na bado alikuwa amekosea.

Kisha Damiano hakurudi shuleni.

Damiano alikuwa darasa moja na Anjela, mtoto wa mjane kutoka Masieda, anakaa hosteli kwa sababu kwao ni mbali. Alikuwa na kipaji cha Jiografia ambacho mwalimu hukutana nacho mara chache. Na alikuwa na tabia moja: ukimwuliza saa, alitoka nje, akatazama kivuli, akakuambia, na hakukosea sana. Zamani wenzake walikuwa wanampenda kwa hilo. Zilipoingia saa za kutambiana wakaanza kumwita Bwana Jua, na wakawa wanamtuma nje makusudi, mmoja baada ya mwingine, kisha wanatazama mikono yao na kucheka. Wikiendi moja aliomba ruhusa kwenda nyumbani kuchukua unga. Akaondoka na hakuonekana tena. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa karibu, na asiyeufanya hapandi cha tatu. Nikamwambia mkuu wa shule kwamba ninakwenda Masieda. Akasema hakuna fungu la usafiri. Nikasema sikuuliza fungu.

Nilikwenda kwa bodaboda, nikafika mgongo umeniuma mpaka kwenye meno. Mama Damiano alinipokea kwa maziwa na kunikalisha. Damiano alikuwa nyuma ya nyumba na hakuja kunisalimia. Kwa mtoto wa huku hilo si jambo dogo.

"Amesema harudi bila saa," mama yake aliniambia. "Nimemwambia tutauza mtamba."

"Mtamba wa maziwa ya kesho? Kwa saa? Mama Damiano, hapana!"

"Mwalimu, wewe huoni ninachokiona mimi. Wenzake wakipita njiani anajificha nyuma ya zizi. Mtoto wangu, anajificha! Mtamba nitampata mwingine."

Alianza kulia, na mimi karibu nimfuate. Nikamwuliza kama mnunuzi ameshapatikana. Akasema bado, kwa sababu ng'ombe mwenyewe si wa hapa. Ni wa kuwekeshwa. Marehemu mumewe alipewa na mzee mmoja wa Mbulu, kwa makubaliano kwamba kizazi cha tatu kitakuwa chao. Mtamba huyu ndiye kizazi cha tatu, ila hauzwi mpaka wenye ng'ombe waambiwe, na mzee mwenyewe ameshafariki. Amebaki mwanawe, ambaye hajawahi kufika.

"Mwanawe ni nani?"

"Anaitwa Akonaay. Wanasema anauza vitunguu swaumu."

Niliweka kikombe chini. Ningeweza kumzuia kwa kumwambia kwamba saa iliyoanzisha haya ni ya binti wa Akonaay huyohuyo, lakini niliona kwamba si mimi ninayepaswa kuisikiliza shida hii. "Twende wote," nikamwambia. "Kamwambie kama desturi inavyotaka. Mimi nitakaa tu."

Nyumba ya Bwana Akonaay ilikuwa kubwa, sebule ya vigae. Mama yake mzazi, Bibi Theresia, alikuwa akikaa chumba cha uani kwa sababu vigae vilikuwa vinamtelezesha. Anjela alituletea chai, mkono mmoja wa sweta umekunjwa. Mama Damiano alikaa ukingoni mwa kochi, mikono juu ya khanga yake.

"Nimekuja kwa habari ya ng'ombe wa marehemu baba yenu," alisema.

"Ng'ombe gani?" Bwana Akonaay akauliza. Kweli hakujua. Akamwita mama yake, na bibi akaja polepole akishika ukuta. Sote tukaamka kumwamkia.

"Ng'ombe wa Masieda?" bibi akasema. "Yule mwekundu? Bado yupo?"

"Alikufa, bibi. Yupo binti yake, na mtamba wa binti yake. Mtamba ndiye wetu, mzee alisema. Nimekuja kuomba kumwuza."

"Hiyo ni haki yako. Una shida gani? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, bibi."

"Njaa?"

"Mahindi yapo kidogo."

"Mtoto anataka kuoa?"

"Bado ni mdogo. Yuko shule."

Bibi alisubiri. Hivyo ndivyo ilivyo: shida ikitajwa, ruhusa inatoka, hata iwe shida ya aibu. Mama Damiano alitazama chini muda mrefu. Nilitaka kumsaidia kusema, nikajizuia kwa nguvu zangu zote.

"Ni ya saa," akasema. "Saa ya mkononi. Mwanangu anachekwa shuleni, amekataa kusoma. Anataka saa kama..." Akainua macho, na yakaangukia mkono wa Anjela uliokuwa umeshika birika. "Kama hiyo ya mjukuu wako."

Mpaka hapo alikuwa hajui kwamba saa iliyoanzisha haya ilitoka nyumba hii.  Bwana Akonaay akafanya kile ambacho mtu mwenye fedha hufanya haraka.

"Basi yaishe, mama. Usiuze. Huyo kijana nitamnunulia saa mimi."

"Na wengine?" nikasema. Nilikuwa nimeahidi kukaa tu, lakini ahadi nayo ina mwisho. "Darasa lina watoto wa Masieda, wa Balangdalalu, wa kila mahali. Utawanunulia wote? Na ukishawanunulia, si utatafuta kingine cha kumvalisha Anjela ili asipitwe?"

Mama Damiano naye aliinuka. "Sikuja kuomba saa," akasema. "Nimekuja kuomba ruhusa."

Hapo Bwana Akonaay alibanwa. Akikataa, amemnyima mtunzaji mwaminifu haki aliyopewa na marehemu baba yake. Akikubali, ng'ombe wa baba yake anakwenda kuwa saa, na Masieda nzima itasimuliana. Alimtazama mama yake amsaidie, na bibi akanywa chai.

Aliyemsaidia ni Anjela. Aliweka birika mezani, akavua saa. 

"Baba, wananiuliza saa ngapi," akasema. "Hakuna kingine wanachoniuliza. Sasa hata Damiano ameacha shule kwa ajili yake?"

Akashusha mkono wa sweta mpaka kwenye vidole, akaanza kulia kwa kwikwi kama mtoto mdogo, na baba yake akamshika. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akijutia kitu alichokifanya kwa mapenzi matupu. Inauma kutazama. Nilimwonea huruma, na sikubadilisha msimamo wangu hata kidogo.

"Ruhusa nimetoa," alimwambia Mama Damiano. "Ni haki yako. Lakini nakuomba usiitumie mpaka nimeonana na mwanao."

Tulikwenda Masieda siku ileile kwa gari lake. Damiano alikuwa nyuma ya zizi, anachonga kijiti. Bwana Akonaay alisimama mbele yake na viatu vyake vizuri ndani ya samadi, akamwambia kwamba saa imevuliwa, haitarudi shuleni, na kosa ni lake yeye baba, si la Anjela. Alisema vizuri. Damiano alimwamkia, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Asante mzee. Lakini saa imetoka, jina halijatoka. Wataniita vilevile."

Na kweli wangemwita. Siwezi kuwaongopea. Nikavuta kigoda nikakaa.

"Wataniita, madam," akarudia.

"Huenda. Mimi nipo hapa."

"Mpaka lini?"

"Hilo utalijibu wewe."

Bwana Akonaay alinitazama, akatafuta gogo, akakaa na yeye. Simu yake ililia mara nyingi, kuna mzigo ulikuwa unamsubiri mahali fulani, mwishowe akaizima. Mama Damiano akawasha moto, akasonga ugali, tukala wote pale pale nyuma ya zizi. Hatukuhubiri. Niliwahi kuhubiri sana kazini, na nawaambia nyinyi mliobaki kwamba mtoto aliyedharauliwa hapozwi na mahubiri. Anataka kuona mtu mzima ameacha shughuli zake kwa ajili yake na hatazami saa. Baridi ilianza kuteremka, ng'ombe wakarudi, na yule tajiri wa Mbulu bado alikuwa amekaa kwenye gogo, akipiga miayo, akimsubiri mtoto wa mjane.

Damiano alimtazama mara kadhaa kwa jicho la pembeni. Mwisho akatupa kijiti.

"Madam, mtihani umeanza?"

"Bado. Tutawahi."

Akaingia ndani. Nilijua atachelewa, maana atatafuta sare, ataifua, ataikausha kwenye moto. Nikajiandaa kulala Masieda. Lakini alitoka mara moja, amevaa, begi begani. Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi ya mkaa, kola imenyooka. Nilimtazama mama yake nikidhani ni kazi yake, na yeye alikuwa ananitazama mimi kwa mshangao uleule. Mtoto alikuwa ameifua na kuipiga pasi mwenyewe, siku ileile alipomwambia mama yake kwamba harudi shule, akaikunja na kuiweka tayari.